Mnaoanza na inzi wa matunda, someni hii kabla hamjafungua chupa

Wadogo zangu, huku Kigoma ukisema unasomea tabia za wanyama kila mtu anajua unaenda Gombe kwa sokwe, tangu Jane Goodall afike pale 1960 ndo imekuwa hivyo, sasa ukisema mi nasomea inzi watu wanacheka. Waache. Inzi kizazi kipya unakipata kwa siku kama 10 ukiwaweka kwenye nyuzi joto 25, na unaweza ukaharibu jeni moja tu (kile kipande cha urithi anachotoka nacho kwa wazazi) uone tabia gani inabadilika, kwa sokwe hilo halipo.

Msimchanganye na yule anayetoboa embe mkulima akalia, yule ni mkubwa, familia nyingine kabisa. Wetu ni Drosophila, wale wadogo macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva kupitiliza.

Sasa jambo lenyewe: inzi anakuja kwenye jaribio na malezi yake. Dume aliyekaa peke yake kwenye kichupa anakuwa mgomvi kuliko aliyekaa na wenzake, na usingizi wake unapungua. Dume aliyekataliwa na jike ambaye keshapandwa, ukimletea jike mwingine anamtongoza kwa uvivu, ile kukataliwa anaikumbuka. Kwa hiyo mtu analeta grafu nzuriii anasema jeni hii inaleta ugomvi, unamuuliza hao madume walikaa wangapi kwa chupa, kimya. Hapo kapima upweke.

Majike bikira watenge ndani ya masaa 8 toka watoke kwenye pupa (lile ganda ambamo buu anageuka inzi), ukichelewa imekula kwako. Ukiwalaza kwa kaboni dayoksaidi usipime siku hiyo, wape siku nzima.

Kutongoza kwenyewe mtakupenda, dume anamfuata jike, anamgusa kwa mguu, anatanua bawa moja analitetemesha, huo ndo wimbo wake. Jeni inayoitwa fruitless ikiharibika madume wanatongozana wao kwa wao, wanapanga msururu kila mmoja na wa mbele yake, mara ya kwanza kuona utaita wenzako.

Mwanga masaa 12, giza 12, na upime muda uleule kila siku maana alfajiri na jioni ndo wanachangamka, mchana wanasinzia. Umeme ukikatika usiku joto na taa zikavurugika andika kwenye daftari palepale, na hao inzi usiwachanganye na wa wiki iliyopita.