Makumbusho ya Lubumbashi na mji unaoyazunguka: mmeuliza, tunajibu

Nina wanafunzi wa shule ya msingi na saa mbili tu za kutembelea Makumbusho ya Taifa. Nianzie wapi? (Mwalimu, Katuba)

Mwalimu, usiwazungushe vyumba vyote, watachoka bure. Wapeleke moja kwa moja kwenye vyungu na shaba za Sanga, mkae hapo. Sanga iko kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Wanaakiolojia walianza kufukua makaburi yake mwaka 1957, wakakuta watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita pamoja na vyombo vyao. Waambie wanafunzi kwamba watoto waliwekewa vyungu vidogo, vya kuwafaa wao. Hapo hata mtukutu wa darasa atanyamaza.

Kisha waonyeshe misalaba ya shaba. Ya zamani ni mikubwa na haifanani sana. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo na yenye kulingana, na wataalamu wanaona humo jinsi kitu cha thamani kilivyogeuka kuwa fedha. Waulize: kwa nini fedha inataka kulingana? Waache wabishane. Jambo moja wasitoke bila kulijua: wahenga wetu waliyeyusha shaba karne nyingi kabla reli haijafika hapa mwaka 1910. Bado tunasikia ikisemwa kwamba shaba ya Katanga iligunduliwa na Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji. Si kweli, na ushahidi uko ndani ya makumbusho yetu wenyewe.

Ni kweli kwamba Jengo la 30 Juin lilikuwa nyumba ya tamthilia? (Mwanafunzi wa chuo kikuu)

Ni kweli. Lilijengwa miaka ya 1950 kama ukumbi wa tamthilia wa mji, kwa ramani ya Claude Strebelle. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga na Kongo, wabunge wake wakakaa humo. Litazame kwanza kwa nje, kwa utulivu, ndipo uingie makumbusho.

Marehemu baba alituachia picha ya "Colonie belge" (koloni ya Ubelgiji) iliyochorwa kwenye kiroba cha unga. Ndugu zangu wanataka kuitupa, wanasema si sanaa. (Mama, Kamalondo)

Mama, tafadhali wazuie. Picha hizo za mfungwa anayechapwa fimbo, askari, na mzungu aliyesimama pembeni zilitundikwa sebuleni kwa wafanyakazi wengi wa mji huu miaka ya 1970. Waliziita ukumbusho. Mgeni akiketi, mwenye nyumba humweleza ilivyokuwa, na watoto wanasikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya historia ya familia nyingi.

Mchoraji anayejulikana kuliko wote wa kazi hiyo ni Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha 101, kuanzia wahenga hadi zama za Mobutu. Leo zinatunzwa Amsterdam. Zimehifadhiwa vizuri, nashukuru, lakini inaniuma kwamba mtoto wa Kamalondo hawezi kupanda basi akaenda kuziona. Kwa hiyo zilizobaki majumbani mwetu ni mali kubwa.

Usiioshe kwa maji wala usiikunje, rangi itapasuka. Itundike ukuta usiopigwa na jua wala unyevu, na vumbi ulipanguse kwa brashi laini. Halafu chukua karatasi uandike: baba aliinunua wapi, mwaka gani, kwa nani, na alikuwa akiwaeleza nini wageni. Maneno yake yana thamani sawa na rangi. Ukipenda kuwaonyesha watu wa makumbusho, nenda nayo, lakini usiiache kwa mtu yeyote bila karatasi yenye sahihi.

Tunaweza kupiga picha bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kile kilima cheusi? (Vijana wa Bel-Air)

Ombeni ruhusa kwanza, hapo ni mahali pa kazi. Lakini msichelewe. Tanuru lilianza kutoa shaba mwaka 1911, na kilima ni mabaki yake ya miaka yote hiyo. Tangu miaka ya 2000 kinachotwa kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani, na kinapungua. Nendeni na mzee aliyefanya kazi pale, mumrekodi akisimulia.

Shilatembo ni mbali? (Baba, Kampemba)

Kama kilomita 50, kwa barabara ya Likasi, tafuta gari. Ndipo Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito walipouawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Jeneza lenye jino la Lumumba, lililorudishwa na Ubelgiji mwezi Juni 2022, lilipitishwa hapo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Ukiwachukua watoto, wasimulie nyumbani kwanza, mfike wakijua majina yote matatu.