Mbwa wa kuchunga ulingoni: unyevu, kupe na mwendo wa matiti

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wenye German Shepherd. Mengi ya majibu yanawafaa pia Border Collie, Malinois na wengineo wenye manyoya ya tabaka mbili. Penye tofauti tumesema.

Assalamu alaykum. Nina German Shepherd dume wa miezi 14, mwenye manyoya marefu, nami nataka kumpeleka Nairobi kwenye mashindano ya umbo na mwendo wa mbwa. Kila nikimkosha, siku ya pili ananuka, na mara hii ametoka kidonda chenye majimaji nyongani. Jirani ananiambia nimnyoe mwili mzima. Nimnyoe? (Msomaji, Mbweni)

Wa alaykumu ssalaam. Usimnyoe. Mbwa huyu ana manyoya ya juu, magumu na marefu, na chini yake sufi laini. Yale ya juu humkinga na jua na mvua. Sufi nayo ikichanwa vizuri hupitisha hewa mpaka kwenye ngozi. Ukipitisha mashine, sufi huota upesi kuliko manyoya ya juu, na mbwa hubaki na vazi la mabakamabaka kwa miezi mingi. Jaji huliona kabla hujafika mbele yake.

Kinachomsumbua mbwa wako ni maji yanayobaki ndani. Hewa ya visiwani, khasa wakati wa masika, haikaushi sufi peke yake. Juu anaonekana mkavu, lakini chini kuna joto na majimaji. Vijidudu huzaana, mbwa hujiramba na kujitafuna, na kwa saa chache tu kidonda kama hicho kimetoka.

Anza na kumchana angali mkavu. Manyoya yaliyojisokota yakilowa hukaza kama fundo la kamba, na maji hujificha humo. Mlaze ubavu, shika manyoya kwa mkono wa kushoto uyainue, kisha uchane mstari mmoja mmoja wa upana wa vidole viwili, ukianzia chini ya paja na kupanda juu mpaka uione ngozi. Brashi ya pini itangulie, chanuo la chuma lifuate. Chanuo likikwama usivute: shika shina la manyoya kwa vidole, ufungue kutokea nchani. Nyuma ya masikio na nyuma ya mapaja ndipo penye mafundo mengi.

Halafu maji. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe. Maji yake yana chokaa, na mengine yana chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri na masalia yake hubaki kwenye ngozi, ndiyo maana manyoya huwa kama yana unga. Ukiweza, kinga maji ya mvua kwa kuoshea mara ya mwisho. Madumu 2 ya lita 20 yanamtosha mbwa wa kimo hiki. Tumia shampuu ya mbwa, kwani ya watu haikutengenezwa kwa ngozi yake. Ichanganye na maji kwenye chupa, sehemu 1 kwa 10, ndipo itakapopenya kwenye sufi. Ukiimimina nzito, itabaki juu, na utamaliza chupa bila kufika kwenye ngozi. Suuza mpaka maji yatoke safi bila povu, kisha suuza tena.

Kukausha ndiko kunakochukua muda kuliko yote, nako ndiko watu wanakokata njia. Kanga kuukuu hunyonya maji vizuri: bonyeza, usisugue. Weka feni imwelekee, nawe ukichana kinyume na ulalo wa manyoya mpaka sufi isimame. Mashine ya kukaushia nywele za watu itumie kwa joto la chini kabisa, umbali wa shibiri moja au zaidi, wala usiitulize mahali pamoja. Mwenye manyoya marefu anahitaji saa 2 na kuzidi. Usiyaamini macho, tia vidole vyako chini ya mkia, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye nyonga. Ukihisi ubaridi, bado ana maji. Na umkoshe asubuhi, usimkoshe jioni ukamwacha alale hivyo.

Kwa mashindano, mkoshe siku 3 au 4 kabla. Manyoya yaliyokoshwa jana huwa laini mno na husimama ovyo; yanahitaji siku chache mafuta ya ngozi yarudi ili yalale. Siku yenyewe, kitambaa chenye unyevu kwa miguu na tumbo, basi.

Kidonda chenyewe: punguza manyoya kukizunguka mpaka ufikie ngozi nzima, kioshe kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, uliyoichanganya na maji kama chupa inavyoelekeza, kikaushe, na umzuie mbwa asijirambe. Kikipanuka kwa siku moja au mbili, au kikitoa usaha, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Hapo palipokatwa patachukua wiki nyingi kujaa, kwa hiyo tazama tarehe ya mashindano kabla ya kulipa ada.

Je, mafuta ya nazi yanafaa kumpaka mbwa ili ang'are mbele ya jaji? (Msomaji, Chake Chake)

Hayafai. Hukusanya vumbi, huyalaza manyoya yakashikamana, na jaji akipitisha mkono hutoka na mafuta. Tena kanuni za mashindano kwa kawaida zinakataza kitu chochote kinachobadilisha hali, rangi au umbo la manyoya. Mng'aro hutoka tumboni: protini ya kutosha, dagaa wasio na chumvi, na tumbo lisilo na minyoo. Mabadiliko utayaona baada ya wiki 6 hadi 8.

Nawezaje kumhudumia mbwa kila siku bila kuharibu udhu na nguo zangu za sala? Kwetu sote ni Shafi. (Msomaji, Fuoni)

Hukumu yenyewe muulize sheikh wako. Sisi tutasema namna ya kupanga kazi. Kwa madhehebu ya Shafi, kilichoguswa na mate au unyevu wa mbwa huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na kwa kauli inayotegemewa sabuni haichukui nafasi ya udongo. Kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Humo ndimo unamopata nafuu kubwa, kwani kuchana kwa kila siku kunafanywa mbwa akiwa mkavu. Kazi za maji, meno na masikio zikusanye siku moja ya wiki.

Tenga ndoo, kata, chanuo na kanga za mbwa, zenye rangi isiyofanana na vitu vya ndani, zikae uani. Vaa ovaroli au dishidashi kuukuu na glavu ndefu za mpira. Weka kopo la udongo safi mkavu karibu na mfereji ili usianze kuutafuta ukiwa umelowa. Udhu wenyewe hautenguki kwa kumgusa mbwa. Panapoguswa na unyevu ndipo panapotakiwa kutwahirishwa.

Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim imewavua katika katazo la kufuga mbwa wale wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Ikiwa wako hana kazi ila mashindano, hilo nalo lipeleke kwa sheikh, si kwetu.

Mbwa wangu ni mzuri akisimama, lakini akikimbizwa anayumba kama ngamia. Tatizo ni mimi au yeye? (Msomaji, Wete)

Mara nyingi ni mwenye kushika kamba. Ulingoni mbwa hutakiwa aende matiti: mguu wa mbele wa kushoto unatoka pamoja na wa nyuma wa kulia, kisha kinyume chake. Wako anatoa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, na kweli ndivyo aendavyo ngamia. Mbwa hufanya hivyo akichoka, au mwendo wako ukiwa wa haraka mno kwa kutembea na wa polepole mno kwa matiti. Ongeza kasi hatua 3 au 4 huku ukiinua kamba kidogo, au mgeuze ghafla kisha uanze upya. Akiendelea hata akiwa na nguvu na kasi ikiwa sawa, apimwe nyonga na mgongo.

Mwendo hupewa uzito mkubwa katika jamii hii kwa sababu ya kazi yake ya asili. German Shepherd wa kwanza kuandikishwa daftarini, Horand von Grafrath, aliandikishwa Ujerumani mwaka 1899, na kizazi chake kilikusudiwa kuzunguka kundi la kondoo kutwa nzima. Ng'ombe wa kwetu wengi hufungwa kamba wakahamishwa majani, basi mbwa hana wa kumzungusha, hulala mlangoni, na misuli ya mapaja haijengeki. Tumia pwani maji yakipwa: mchanga mgumu wenye unyevu, matiti ya dakika 20 mara 4 kwa wiki, jua halijapanda. Mchanga mkavu unaotitia humchosha mishipa, khasa aliye chini ya miezi 18. Ukirudi, osha chumvi miguuni na ukaushe kati ya vidole.

Kuhusu kusimama: jaji hukaa katikati nanyi mnazunguka mkimweka mbwa kushoto kwenu, kwa hiyo huuona ubavu wa kushoto wa mbwa. Miguu ya mbele iwe wima chini ya mabega. Mguu wa nyuma wa kushoto uende nyuma mpaka kipande cha chini, kutoka kisigino hadi unyayo, kisimame wima. Wa kulia uingie chini ya tumbo. Ukiuvuta wa kushoto kupita hapo, mgongo unaporomoka na kisigino kinalegea. Border Collie yeye husimama miguu minne sawasawa, hana haja ya mbwembwe hizi.

Mzoeshe pia kufunguliwa mdomo na mtu asiyemjua. Jaji hutazama namna meno ya mbele yanavyofungana mithili ya mkasi na huhesabu yaliyobaki. Kamili ni 42. Kwa dume hupapasa pia korodani, zote 2 ziwe zimeshuka. Na kabla ya yote hayo mpime: dume awe na kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani na kilo 30 hadi 40, jike sentimita 55 hadi 60 na kilo 22 hadi 32.

Kupe hawaishi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yafaa? (Msomaji, Donge)

Usikisie. Dawa za ng'ombe hutofautiana nguvu, na kipimo cha ng'ombe chaweza kumlewesha au kumuua mbwa. Zenye permethrini ni sumu kwa paka, nao paka wetu hulala popote. Nunua iliyoandikwa ya mbwa, kwa uzito wake. Kupe wa kahawia wa mbwa hutaga kwenye nyufa za ukuta na mapaa ya makuti, kwa hiyo banda nalo litibiwe, na nyufa zizibwe kwa saruji. Usipofanya hivyo, mbwa atapandwa na kupe wapya wiki ile ile. Mbwa akipauka ufizi, akakataa chakula na kukojoa mkojo mwekundu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Nilinunua mbwa Dar es Salaam bila karatasi. Ataingia mashindano ya jamii? (Msomaji, Kiembesamaki)

Kwa kawaida hapana. Madaraja ya jamii huhitaji hati ya ukoo inayotambuliwa na chama kinachoandaa. Kwa ukanda wetu wengi huelekea East Africa Kennel Club, Nairobi. Mwombe mfugaji namba za usajili za baba na mama. Akizunguka sana, jibu umelipata.

Mwenye karatasi aanze mapema: kitambulisho cha kielektroniki chenye tarakimu 15 kitangulie chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo ina angalau mwezi kabla ya safari, halafu kibali cha kuingiza mnyama Kenya na cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali. Chanjo ikitangulia kitambulisho, huenda ukaambiwa uanze upya. Sanduku la safari liwe la kumwezesha kusimama bila kuinama, kugeuka na kujinyoosha. Mpe chakula cha mwisho zikiwa zimebaki saa 6 kabla ya boti kuondoka, maji kidogo kidogo, na pakia dumu la maji ya nyumbani.