Kula ovyo usiku: rekebisha mchana kwanza

Dada, umesema unashinda na chai ya rangi tu, kisha saa tatu usiku unafagia chipsi, maandazi na biskuti za watoto. Usiite tamaa, hiyo ni njaa ya kutwa nzima inadai deni. Ukikaa saa 8 bila kula, mwili hauchagui, unavamia. Kula kila baada ya saa 3 au 4, na chai ya asubuhi isiende peke yake: mayai 2, au kikombe cha maharage ya jana. Mkate mtupu haukai tumboni.

Hamu ikipanda usiku, usijikataze kabisa. Subiri dakika 10 hadi 15. Ikiwa bado ipo, weka andazi 1 kwenye sahani, rudisha hotipoti jikoni, kaa chini, simu pembeni. Kula moja kwa moja kutoka kwenye mfuko ndiko kunakoponza, huoni kilichoisha. Ukiteleza, kesho usifunge kujiadhibu (wengi huharibia hapo), kunywa chai na mayai yako kama kawaida.

Ila kama kila wiki unakula hadi tumbo linauma na huwezi kujizuia, au unajitapisha baadaye, muone daktari. Tatizo hilo lina tiba.