Bibi wa Tabora na treni ya Abisko: mmemuuliza mwenyewe?

Barua ya wiki hii:

"Shikamoo Shangazi. Tunaishi Uppsala, Sweden, mi na mume wangu na watoto wawili, wa miaka 14 na 8. Mama mkwe anakuja toka Tabora katikati ya mwezi wa sita, anaondoka mwanzoni mwa mwezi wa tisa, ana miaka 71. Watoto wanataka tupande treni ya usiku mpaka kaskazini kabisa, Abisko na Narvik, waone jua la saa sita usiku wakiwa na bibi yao. Baba yao hataki, anasema mama atateseka, safari ndefu, usingizi hakuna, halafu ataswali saa ngapi kama jua halizami? Anataka aende na watoto, mi nibaki nyumbani na mama. Naona tunamtenga. Wiki ya pili hii hatuongei vizuri. Nifanyeje? Mwenye mawazo, Uppsala."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu natafuta kitu kimoja tu, sehemu ambayo mama mwenyewe amesema neno, sijaiona. Watoto wamesema, mumeo amesema, wewe umesema, na anayegombaniwa yuko Tabora hajui hata kama kuna safari. Hapo ndo pamenigusa, kwa sababu najua mnampenda wote wawili, ila mnampenda kama vile hawezi kujisemea.

Tena mtu wa Tabora jamani umhofie na treni? Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na pale ndo njia panda ya kwenda Mwanza, watu wa pale wamekulia na honi ya treni. Kwa treni ile ya zamani Tabora mpaka Dar ni mchana na usiku wake, na ikikwama njiani unalala ulipo. Hii yenu toka Stockholm mpaka Narvik ni kama masaa 18 na inasimama hapohapo Uppsala jioni, mnapanda na vikapu vyenu, mnalala, mkiamka mko mbali. Vijumba vya kulala vya bei nafuu humo ndani ya treni vina vitanda sita, vitatu kila upande, ambaye amewahi kupanda daraja la pili la TAZARA hatashangaa kitu. Nyie mko watano, nunueni kijumba chote, hicho kitanda kimoja kinachobaki wekeni mizigo, bora hiyo hela kidogo kuliko mama kulala chumba kimoja na mwanaume asiyemjua. Na msichelewe maana tiketi za kulala za kiangazi zinaisha mapema sana.

Sasa swala. Hapa mumeo ana hoja ya kweli na naiheshimu. Kule Abisko kuanzia mwisho wa mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa saba jua halizami kabisa, linazunguka tu, linashuka upande wa kaskazini halafu linapanda tena. Lakini mwambie na hili, hata hapo Uppsala mwezi wa sita giza kamili halipatikani, jua linazama saa nne usiku na kitu, kabla ya saa kumi alfajiri limeshatoka, kwa hiyo Isha na Alfajiri za msikitini kwenu zinakadiriwa tayari. Kumwacha mama nyumbani hakumwepushii hilo swali. Wanazuoni wameshalijibu, wapo wanaosema fuata mji wa karibu ambao usiku na mchana vinatengana, wapo wanaosema fuata saa za Makka, na msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza na kuunganisha swala. Mpelekeni kwa imamu wenu wiki ya kwanza tu akifika, aulize kwa mdomo wake, achukue jibu ambalo moyo wake utatulia nalo. Mama wa miaka 71 dini yake anaijua kuliko tunavyomdhania.

Akisema bado hana raha na hilo jua, basi nendeni mwanzoni mwa mwezi wa nane, shule bado hazijafunguliwa, jua linazama japo kwa kuchelewa, na mbu wamepungua. Watoto watakosa jua la saa sita usiku, watalalamika, kisha watapata bibi. Akisema analitaka jua hilohilo basi nendeni mwisho wa mwezi wa sita. Uamuzi huo mwachieni yeye.

Kuhusu mbu, mwambieni mapema ili asiogope, mwezi wa saba ni wengi mno ila hawana malaria, wanauma tu. Nunueni vile vyandarua vya kuvaa kichwani. Na sweta, tena nzito, kiangazi cha kule usiku baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Mi njia hiyo nimepita na wanangu walipokuwa wadogo. Nakumbuka nilishtuka saa tisa usiku nikadhani tumepitiliza, mwanga umeingia pembeni ya pazia ukakaa kwenye uso wa mwanangu aliyelala mdomo wazi, nje misonobari na maji, misonobari na maji, jua limeshatoka. Nikamimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa nikanywa nimesimama kwenye korido na soksi, kulikuwa na mzee mmoja dirishani naye hana viatu, hatukusemeshana, tuliangalia tu. Usingizi ule niliukosa na sijawahi kuujutia. Tulipofikia kwenye nyumba ya kupanga nilibandika kanga mbili dirishani kwa pini, watoto wakalala mpaka saa nne asubuhi, kwa hiyo mama akibeba kanga zake zitamfaa.

Asubuhi kabla ya Gällivare waambie watoto wakae dirishani, kuna mawe meupe yamepangwa kuonesha mstari wa Aktiki, yaani pale inapoanzia sehemu ya kaskazini ambako kiangazi jua halizami, yanapita haraka. Kiruna kuna kanisa la mbao la 1912, tani 672, ambalo mwezi wa nane 2025 lilibebwa zima kwenye magurudumu kilomita 5 kwa sababu mgodi wa chuma unakula ardhi chini ya mji, huyo wa miaka 14 atapenda. Ila stesheni ya Kiruna iko nje ya mji, mnapanda basi. Toka hapo mkielekea Narvik kaeni kulia, ziwa Torneträsk liko upande huo, na mkivuka mpaka treni inateremka milimani na bahari inatokea chini, kulia hukohuko. Abisko mama hahitaji kupanda mlima wowote, korongo la mto liko karibu na stesheni, mtembeze taratibu, mkalishe kwenye jiwe asikie maji.

Mambo mawili ya haraka. Narvik ni Norway, na Norway iko ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo viza yake ya Schengen inatosha, abebe pasipoti tu. Na msipange kurudi siku moja kabla ya ndege yake ya Dar, treni za madini zilianguka kwenye reli hiyo mwezi wa kumi na mbili 2023 na tena mwezi wa pili 2024, njia ikafungwa muda mrefu. Acheni siku kadhaa katikati.

Kwa mumeo usianze na treni. Kaa naye watoto wakilala umwambie umeona anamwogopea mama yake, na wewe unamwogopea vilevile, halafu mpigieni simu pamoja, spika, yeye ndo aongee kwanza maana ni mama yake. Mwelezeni yote, masaa 18, jua, mbu, swala, msimfiche na msimshawishi. Mkimaliza nyamazeni mumsikilize. Akikataa, basi kaskazini itangoja na mwaka huu mtatembea karibu na nyumbani nyote watano. Akikubali, kitanda cha chini ni chake.

Shangazi yako.