Nimefuta video, mbona diski bado imejaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu inatumia mfumo endeshi wa Ubuntu, na kila ninapoiwasha hunionya kwamba nafasi ya diski imebaki kidogo. Nimekwisha kufuta video nyingi, lakini onyo halijaondoka. Rafiki yangu ananishauri nifute folda nzima ya /var kwa kuwa imejaa takataka za mfumo. Je, nimsikilize?

JIBU: Hapana. Ni kweli kwamba ndani ya /var mna mengi yasiyo na kazi tena, lakini humo humo, katika /var/lib/dpkg, ndimo mfumo unamoweka orodha ya programu zote zilizowekwa, na ukiipoteza hutaweza kuongeza wala kuondoa programu kwa njia ya kawaida.

Kabla ya kufuta chochote, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike df -h, amri inayoonyesha kila sehemu ya diski, ukubwa wake na kiasi kilichotumika. Ikiwa /home, folda ya mafaili ya watumiaji, ilitengwa na sehemu ya mfumo, yaani /, basi kufuta video zilizomo /home hakuipunguzii / mzigo hata kidogo. Iliyojaa ikiwa ni /, andika sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo), nayo itakupangia folda kuanzia ndogo hadi kubwa bila kuingia sehemu nyingine za diski.

Ikiwa vyote viko katika sehemu moja, nadhani video zako bado zipo. Unapofuta faili kwa kutumia kidhibiti mafaili, huwa linahamishiwa tu kwenye pipa la taka, ambalo ni folda ya ~/.local/share/Trash, na nafasi hairudi mpaka pipa limwagwe. Hata faili lililofutwa kabisa huendelea kushikilia nafasi yake maadamu kuna programu iliyolifungua. Hapo ifunge programu hiyo, au uzime kompyuta na kuiwasha tena.

Kwa upande wa mfumo wenyewe, sudo apt clean huondoa vifurushi vya programu vilivyokwisha kupakuliwa na kutumika, na sudo apt autoremove huondoa visivyohitajika tena, zikiwemo kerneli (viini vya mfumo) za zamani. Soma orodha utakayoonyeshwa kabla ya kukubali. Kumbukumbu za matukio nazo hunenepa kimyakimya: zipime kwa journalctl --disk-usage, kisha uzipunguze kwa sudo journalctl --vacuum-size=200M. Kwa hatua hizi sioni haja ya kutafuta programu maalumu ya usafi.

SWALI: Nikijumlisha nafasi iliyotumika na iliyobaki kama df inavyoonyesha, jumla haifikii ukubwa wa diski. Iliyopotea imekwenda wapi?

JIBU: Haijapotea. Sehemu ya diski yenye muundo wa ext4, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili unaotumiwa na Ubuntu, kwa kawaida hutengewa asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi wa mfumo, na katika diski ya terabaiti 1 hiyo ni takriban gigabaiti 50. Ikiwa diski ni ya kuhifadhia picha na nyaraka tu, unaweza kuipunguza akiba hiyo hadi asilimia 1 kwa sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1, ukiweka jina la sehemu yako mahali pa sdb1. Sehemu ya mfumo iache ilivyo, kwa sababu akiba hiyo ndiyo inayoziwezesha huduma za mfumo kuendelea kuandika pale watumiaji wengine wanapokuwa wameijaza diski.