Supavaiza kasoma meseji, kakauka

Wiki hii maswali yenu karibu yote yamegonga palepale, watu wa Marekani mnaofanya home care (kuuguza watu majumbani kwao) mnalia na supavaiza asiyejibu. Haya twende.

Dada, mimi ni HHA, msaidizi wa kuuguza nyumbani. Bibi ninayemuuguza ana wekundu juu ya makalio tangu Jumatatu. Nimemtumia supavaiza meseji tatu, tiki za bluu, kimya. Nifanyeje?

Kwanza acha hiyo meseji ya nne. Bonyeza pale penye wekundu na kidole kisha achia, kama ngozi haigeuki nyeupe hata kidogo na wekundu unabaki vilevile basi kidonda cha kulala kimeshaanza, hiyo siyo habari ya kusubiri mtu amalize wikendi yake. Piga ofisini, namba ya ofisi siyo simu yake, sema unataka nesi wa zamu. Na usiseme "bibi hayuko sawa", sema: "wekundu ukubwa wa limao, mwisho wa uti wa mgongo, hauondoki ukibonyezwa, tangu Jumatatu, nimeripoti mara tatu." Uliza jina la aliyepokea, andika na saa. Bibi endelea kumgeuza kama care plan (mpango wa huduma yake) inavyosema, na pale penye wekundu usipasugue, wengi tumefundishwa nyumbani kuchua na mafuta, hapa hapana.

Halafu kitu ambacho hawawaambii: kama bibi anapata na huduma ya nesi au fizio kupitia Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, lazima kazi yako ikaguliwe na nesi au fizio angalau kila siku 14. Sasa jiulize ukaguzi huo mara ya mwisho umefanyika lini. Na kwenye lile folda la ejensi, mara nyingi liko juu ya friji limejaa vumbi, kuna namba ya bure ya jimbo ya malalamiko, ejensi za Medicare lazima zimpe mgonjwa hiyo namba. Bibi au mwanae anaweza kupiga, na wewe pia.

Mimi LPN, nesi msaidizi mwenye leseni, napiga zamu ya usiku kwa mtoto wa ventileta, mashine ya kupumulia. Saa moja asubuhi wa kunipokea hajaja, supavaiza hapokei, mama mtoto keshaenda kazini. Naruhusiwa kuondoka?

Hapana mdogo wangu. Ukitoka pale bila kumkabidhi mtu, bodi ya manesi inaweza kuita kumtelekeza mgonjwa na leseni ndo inaanza kuyumba. Piga ofisi, mpigie mama mtoto, kama alifundishwa mashine na akakubali kurudi kupokea, mpe ripoti kamili ndo uende. Kila simu andika saa yake. Mimi yalinikuta mwaka wangu wa kwanza, nilikaa mpaka saa saba mchana nimesimama wima jikoni maana nikikaa tu kwenye kochi nalala, na kosa langu kubwa lilikuwa kujikaza, sikumwambia mtu nimechoka. Wewe sema wazi, "nimeamka masaa 18, siko salama kushika dawa". Hilo neno likishaandikwa ofisini, watu huwa wanaamka. Na yale masaa yahesabiwe, ukipita 40 kwa wiki malipo ni mara moja na nusu.

Programu ya kuklok (kurekodi saa za kuingia na kutoka kazini) iligoma, supavaiza haidhinishi marekebisho, malipo yametoka pungufu.

Hiyo klok ya kielektroniki imeletwa na sheria ya 2016 kwa huduma za Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, ila kugoma kwake hakufuti kazi uliyofanya. Piga picha ya skrini hapohapo ikigoma, tuma emeili kwa supavaiza na payroll pamoja, siyo meseji. Muda wa kuendesha kutoka mgonjwa mmoja kwenda mwingine siku hiyohiyo nao ni kazi, wengi mnausamehe bure! Wakikausha, Idara ya Kazi kitengo cha mishahara ni 1-866-487-9243. Una miaka 2 ya kudai, lakini usiilalie.

Familia inataka nimpe mzee insulini, supavaiza hajibu. Nimpe?

We ni HHA? Usimpe. Kimya siyo ruhusa. Nesi wa zamu, na mzee akizidiwa, 911.

Nimuanike supavaiza kwenye grupu letu la WhatsApp na picha za mgonjwa ili wajue?

Jamani. Picha ya mgonjwa ikiingia kwenye grupu, mwenye kesi unakuwa wewe, supavaiza anakaa pembeni anakunywa kahawa. Kama umeshaiweka, futa sasa hivi.

Nimechoka, naacha leo leo bila kuaga.

Acha, nani akulaumu, ila toa notisi kwa maandishi, maliza zamu ulizokubali, rudisha funguo ya nyumba ya mgonjwa upewe risiti. Na zile emeili zako za kuripoti, kama hazina taarifa za mgonjwa, hifadhi kopi kabla hawajafunga akaunti, huwa wanafunga siku hiyohiyo.