Kupanda mlima kuwachangia mabaharia: mambo ya kupanga mapema

Ukitaka kupanda mlima ili kuwachangishia mabaharia, gharama za safari jilipie mwenyewe. Kiingilio cha hifadhi, ujira wa waongozaji na wapagazi, viatu, vyote vitoke mfukoni mwako. Nilipoanza kuchangisha, watu waliniuliza hilo kabla ya lolote: "Hela yangu inamfikia baharia, au inakupeleka wewe kileleni?" Bora zaidi, watume moja kwa moja kwa shirika linalowahudumia mabaharia, isipite mikononi mwako kabisa.

Kisha nenda kwenye kituo cha mabaharia bandarini. Nilimkuta kijana wa meli ya makasha, kofia ngumu bado kichwani, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji. Kwa intaneti ya kituo, mkewe alikuwa akimwonyesha mtoto aliyezaliwa yeye akiwa safarini. Hakusema kitu, alikuwa akitazama tu, huku dereva wa kituo akimsubiri nje na gari, maana meli ilikuwa inakaribia kung'oa nanga.

Lile gari na ile intaneti ndivyo unavyovichangia. Bandari nyingi haziruhusu mtu kutembea kwa miguu kati ya makasha, kwa hiyo pasipo gari baharia anabaki melini. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006 unamtambulia haki ya kushuka nchi kavu na kupata huduma za ustawi, lakini mafuta ya gari lazima mtu ayanunue. Mkataba huohuo unamhesabu kuwa ametelekezwa baharia ambaye mwajiri hajamlipa mshahara kwa angalau miezi miwili. Waeleze watu mambo haya. Picha za mazoezi yako hazitawagusa hivyo.

Kuhusu mlima wenyewe, nasisitiza jambo moja. Ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, usiendelee kupanda. Ukianza kuyumba kama mlevi, shuka papo hapo, hata kama ni usiku. Michango huwa inamsukuma mtu vibaya sana hapa, anaona aibu kurudi. Ndiyo maana watangazie wachangiaji mapema, kwa maandishi, kwamba fedha zitakwenda kwa mabaharia ufike kileleni usifike.

Ukisharudi, watumie wote risiti ya shirika ndani ya wiki hiyohiyo.